Wapangaji Watatu kwenye Mashine Moja

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, siku ya kliniki ya kisukari, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka varandani. Nilikuwa chumba cha rekodi cha kituo kimoja cha afya hapa Eldoret, nikisafisha hifadhidata ya mazoezi ili wahudumu wapya waanze mafunzo kesho yake. Niliandika amri ya kufuta, nikabonyeza, jibu likaja papo hapo kwamba imefutika. Haikupita dakika, mama wa mapokezi akaniita kupitia dirisha dogo: "Kijana, mbona majina ya wagonjwa yameondoka?"

Nilikuwa nimefuta hifadhidata ya kweli. Mashine ile ilikuwa na seva mbili za MySQL, ya kazi na ya mazoezi, na amri niliyoikusudia moja iliingia kwa nyingine. Tulirudisha nakala ya saa sita usiku, kisha mama yule na mwenzake wakakaa mpaka giza likaingia, wakiandika upya, kadi baada ya kadi, kila mgonjwa aliyehudumiwa tangu asubuhi. Nitaeleza jinsi kosa lile lilivyotokea, maana limejificha mahali ambapo hata fundi makini hupita bila kuliona. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyeachiwa mashine moja na kuambiwa ihudumie kila kitu: fundi wa zahanati, wa sacco, wa shule, wa duka la pembejeo.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema mashine, nina maana ya kompyuta yenyewe, lile kasha lililo chini ya meza. Nikisema seva, nina maana ya programu ya hifadhidata inayofanya kazi ndani ya mashine hiyo, ikiwa na folda yake na mlango wake. Hifadhidata nayo ni mkusanyo wa majedwali ambao seva huutunza. Seva moja yaweza kutunza hifadhidata nyingi, na mashine moja yaweza kubeba seva nyingi. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na kwa sababu hiyo utakuta watu wamesimika seva tatu pale ambapo moja ingetosha.

Suala hili si geni Eldoret. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, wakitumia Microsoft Access, na betri za sola za kukinga umeme ukipotea. Kisha AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pamoja na wenzao hao wa ng'ambo, ikaanza kutibu wagonjwa wengi wa UKIMWI, na Access ikaelemewa. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief wakaanza kubuni OpenMRS mwaka 2004, na Februari 2006 mfumo huo ukaanza kazi hapa Eldoret kabla ya mahali pengine popote duniani. Chini yake kuna MySQL. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vingi nchini, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi aliye Turbo au Burnt Forest, anayehangaika na mashine moja ya rekodi, anashughulika na kitu kilichozaliwa jirani yake.

KenyaEMR yenyewe inatoa funzo la kwanza. Ndani ya seva yake moja ya MySQL kuna hifadhidata ya kazi, halafu kuna nyingine iitwayo kenyaemr_etl, ambayo hupangwa upya kwa ajili ya ripoti. Mbili hizo hukaa kwa seva moja bila ugomvi. Ikiwa unachotaka ni kutenganisha data ya wagonjwa na ya stoo ya dawa, au ya shule ya upili na ya bweni lake, unda hifadhidata mbili, mpe kila mtumiaji ruhusa ya ile inayomhusu tu, na uende nyumbani. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi iliyokuwa na seva tano, moja kwa kila idara, zote za toleo lilelile, zote na mipangilio ileile. Tulizirudisha kuwa moja, na mashine iliyokuwa ikikwama kila alasiri ikapumua.

Seva ya pili ina haki ya kuwapo pale ambapo kitu unachotaka kukitenga hakitengeki ndani ya seva moja. Toleo ni mfano ulio wazi. Usaidizi wa MySQL 5.7 ulikoma Oktoba 2023, lakini zipo programu za zamani ambazo bado haziwezi kuiacha. Utalazimika kuilaza 5.7 ubavuni mwa 8 mpaka siku ya kuhama. Mfano mwingine ni mipangilio inayoishika seva nzima. Kwenye MySQL 8, uamuzi wa iwapo majina ya majedwali yatofautishe herufi kubwa na ndogo hufanywa mara moja tu, siku seva inapoanzishwa, na hauwezi kugeuzwa baadaye. Programu moja ikitaka hivi na nyingine vile, hakuna suluhu ndani ya seva moja. Tatu, kuna kuzima na kuwasha: seva ya mazoezi ambayo wanafunzi huivuruga lazima uweze kuizima saa nne asubuhi bila mgonjwa hata mmoja kusimamishwa dirishani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yetu pale kituoni, nayo bado naiona kuwa sababu njema.

Ukishaamua, ichukulie mashine kama ploti ya kupangisha, zile za Langas au Huruma: vyumba vimepangwa mstari, kila kimoja na mlango na kufuli lake, lakini tangi la maji ni moja na mita ya stima ni moja. Mafundi wengi hutenganisha milango vizuri sana, kisha wakasahau tangi.

Nianze na milango. MySQL husikiliza mlango namba 3306 isipoambiwa vinginevyo. Seva ya pili ipe 3307, ya tatu 3308. Mji huu wenyewe ulijulikana kwa namba kabla ya kupata jina: posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na wazee bado huuita Sisibo. Barua ilifika kwa sababu namba ilikuwa moja, na hakuna shamba lingine lililoitumia. Kwenye mashine pia, seva mbili haziwezi kushika mlango mmoja. Ya pili itakataa kuwaka na kulalamika kwenye faili yake ya logi. Hilo halina madhara, utaliona na kulirekebisha. Wengi husahau kwamba MySQL 8 hufungua na mlango mwingine wa pembeni, 33060, nao unahitaji kubadilishwa kwa kila seva au kufungwa kabisa kama huutumii.

Mtego ulioninasa hauko mlangoni. Kwenye Linux, ukiiambia programu ya mteja ya MySQL iende kwa localhost, haipiti mlangoni hata kidogo. Inapitia faili maalumu iitwayo soketi, na usipoitaja soketi yenyewe, inakwenda kwa ile ya kawaida, ambayo ni ya seva ya kwanza. Namba ya mlango uliyoandika inapuuzwa, tena bila onyo lolote. Siku ile niliandika localhost na namba 3307, nikiamini namba ndiyo inayoamua. Niliingizwa kwenye 3306. Hifadhidata zote mbili zilikuwa na jina moja, openmrs. Nywila ya msimamizi nilikuwa nimeiweka moja kwa seva zote ili nisisahau. Kila kizuizi ambacho kingenisimamisha, nilikuwa nimekiondoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo nafanya hivi, nami nakusihi ufanye vivyo hivyo. Usiandike localhost penye seva zaidi ya moja, andika 127.0.0.1 pamoja na namba ya mlango, au taja njia kamili ya soketi. Kila seva na nywila yake, na ya seva ya kazi isihifadhiwe kwenye faili ambayo programu ya mteja huisoma yenyewe. Badilisha neno linaloonekana kabla ya kila amri ili liseme KAZI au MAZOEZI kwa herufi kubwa. MySQL inaruhusu, ni mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio. Na kabla ya amri yoyote ya kufuta, iulize seva yenyewe: SELECT @@port, @@datadir, nayo itakujibu iko mlango gani na inaweka data folda gani. Swali hilo linachukua sekunde mbili. Pale dirishani lingeokoa jioni nzima ya watu wawili.

Folda sasa. Kila seva iwe na folda yake ya data, na kamwe seva mbili zisielekezwe folda moja. InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, hujitahidi kulizuia hilo kwa kufunga faili zake, na ukiona kwenye logi kwamba imeshindwa kuifunga ibdata1, basi kuna seva nyingine tayari imeikalia folda hiyo. Tafuta ni ipi, usiilazimishe. Mbali na data, kila seva inahitaji soketi yake, faili yake ya kitambulisho cha mchakato, na logi yake. Ukianzisha seva ya pili kwa kunakili folda ya seva ya kwanza, zima ile ya kwanza kabla ya kunakili, kisha ufute faili iitwayo auto.cnf kwenye nakala. Ndani yake mna kitambulisho cha seva, na ukikiacha utakuwa na seva mbili zenye jina moja la siri. Siku utakapotaka moja iifuate nyingine, yaani inakili kila badiliko lake, zitakataa kuongea.

Wanaotumia Ubuntu waangalie jambo moja zaidi. Utaweka folda mpya, utampa mysql umiliki wake, ruhusa zote ziko sawa, na bado seva itasema haina ruhusa. Si wewe uliyekosea. Ni mlinzi aitwaye AppArmor, ambaye anaijua ile folda ya kawaida tu, na lazima aongezewe njia ya folda mpya kwenye orodha yake. Nimewaona vijana wakikesha kwa ajili ya hili, wengine wakaamua kumzima mlinzi kabisa. Usimzime. Mwongezee mistari miwili.

Sasa tangi la maji, yaani RAM. MySQL ikisimikwa bila kuguswa hutenga megabaiti 128 tu kwa ajili ya akiba yake kuu ya data. Seva tatu za namna hiyo hazitaishtua mashine yoyote ya leo. Shida huanza kwa fundi hodari. Alisoma kwamba mashine iliyotengewa hifadhidata peke yake yaweza kuipa akiba hiyo robo tatu ya RAM yote au zaidi kidogo, akaipa seva ya kazi gigabaiti 5 kati ya 8, na mambo yakaenda mbio. Miezi sita baadaye anataka seva ya mazoezi, ananakili faili ya mipangilio, anabadilisha namba ya mlango, anawasha. Sasa ameahidi gigabaiti 10 kwenye mashine ya 8. Haitalalamika siku hiyo, kwa kuwa akiba hujaa polepole. Italalamika wiki ya ripoti, wakati kila mtu anahitaji kila kitu.

Na inapolalamika, haimkamati mkosaji. Linux ikiishiwa RAM huchagua programu moja na kuiua, na kwa kawaida huchagua inayotumia kumbukumbu nyingi zaidi. Hiyo ni ipi? Ni seva ya kazi. Mwanafunzi anafanya zoezi kwenye chumba cha nyuma, na dirisha la mapokezi ndilo linalofungwa.

Kwa hiyo chukua kalamu kabla hujasimika chochote. Tuseme mashine ina gigabaiti 8 na seva tatu: ya kazi, ya ripoti na ya mazoezi. Mfumo wa uendeshaji uachie 1. Tomcat, inayobeba OpenMRS, ipe 2. Zimebaki 5, na si zote za akiba, kwa sababu kila mtumiaji anayeunganishwa hula kidogo zaidi pembeni. Mimi ningeipa seva ya kazi 2.5, ya ripoti 1, ya mazoezi nusu, na hiyo moja iliyobaki nisiiguse. Kisha punguza idadi ya watumiaji wanaoruhusiwa kuingia kwa pamoja kwenye ile ya mazoezi, kumi wanatosha. Ukiwa na systemd, unaweza hata kuiwekea seva ya mazoezi dari ya RAM ambayo haiwezi kuivuka, ili ikifa, ife peke yake.

Diski ni tangi la pili, nalo hupimwa kwa nadra. Seva tatu zikiandika kwenye diski moja ya kuzunguka, zinagombania sindano moja. Ripoti ya mwezi inapopitia jedwali zima la vipimo, karani wa dirishani anasubiri jina moja kwa sekunde nyingi. Pesa zikipatikana kidogo, nunua diski ya SSD kabla ya kununua kitu kingine chochote, na iwe ya seva ya kazi. Pasipo pesa, ripoti ziende usiku.

Umeme sitaurefusha, ila hili. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilizimika, na waliokuwa na seva nyingi waliona kitu ambacho mwenye moja hakioni: stima iliporudi, seva zote ziliamka kwa pamoja, zote zikaanza kukagua na kurekebisha faili zao kwa wakati mmoja, kwenye diski ileile. Panga zamu. Seva ya kazi iwake yenyewe mashine inapowaka. Ya ripoti na ya mazoezi zisubiri mkono wa mtu. Na UPS inapoanza kupiga kelele, zima kwa kinyume: mazoezi, ripoti, kisha kazi.

Wanaotumia PostgreSQL wana nafuu. Kwenye Debian na Ubuntu amri ya pg_createcluster hutengeneza seva mpya yenye folda yake, mipangilio yake na mlango unaofuata ulio wazi, 5433 baada ya 5432, na pg_lsclusters hukuonyesha zote kwa mstari. Tatizo la RAM halibadiliki. Wenye SQL Server, na hapa mjini wako wengi madukani, mara nyingi hawakuchagua kuwa na seva nyingi: aliyeuza programu ya mauzo alikuja na seva yake, wa mishahara akaja na yake, na mwenye duka hajui kama ni mbili. Fungua orodha ya huduma za Windows uzihesabu. Kisha weka kikomo cha juu cha kumbukumbu kwa kila moja, kwa sababu SQL Server kamili isipowekewa kikomo hujitwalia RAM kadiri inavyoipata. Wanaotumia Docker nao wasidhani wameokoka. Kontena ni chumba tu katika ploti ileile.

Kuhusu seva ya mazoezi nina neno zito. Njia rahisi ya kuijaza data ni kunakili ile ya kazi. Usifanye hivyo na majina ya watu. Humo mna hali ya UKIMWI ya jirani yako, mimba ya binti wa rafiki yako, namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data ya watu ikivuja na kuwaweka katika hatari, na seva ya mazoezi ndiyo yenye nywila dhaifu kuliko zote, inayotembelewa na wageni wengi kuliko zote. Badilisha majina, namba na tarehe za kuzaliwa kabla data haijafika kule, na seva isikilize 127.0.0.1 tu isipokuwa darasa liko chumba kingine.

Mwisho, nakala rudufu. Nakili kila seva kivyake, ukitaja mlango kwa ile namna niliyoieleza, na nakala ziondoke kwenye mashine. Kuna watu huiweka seva ya pili iifuate ya kwanza kwenye mashine ileile na kuiita bekapu. Diski ikifa, zinakufa zote mbili, siku moja, saa moja. Hata hivyo kuna namna moja ya seva mfuasi ninayoipenda sana hata kwenye mashine ileile: inayochelewa makusudi. Unaiambia ibaki nyuma kwa sekunde 3600. Mtu akifuta kwa bahati mbaya, ana saa nzima ya kuisimamisha seva mfuasi kabla amri ile haijaifikia, kisha kuisogeza mpaka hatua moja kabla ya kosa. Pale kituoni hatukuwa nayo. Hata logi ya mabadiliko, ambayo MySQL 8 huiwasha yenyewe, kwenye toleo letu la zamani ilikuwa imezimwa. Zote mbili tuliziweka juma lile.

Na kuna karatasi ya mpango wetu mpya. Niliichapa, nikaifunika kwa plastiki, nikaibandika ubavuni mwa mashine: KAZI 3306, folda yake, RAM yake, anayetunza nywila, RIPOTI 3307, MAZOEZI 3308, CHELEWA 3309. Nilimwonyesha mama wa mapokezi, kwa kuwa yeye ndiye huwa zamuni mafundi wakiwa hawapo. Aliisoma yote, akachukua kalamu nyekundu mezani kwake, akazungushia duara neno KAZI.